Vitz inazima kwenye foleni jioni, fundi kasema "pampu ya mafuta". Ni mara ya pili ndani ya miezi saba!

#1 Mkazi_wa_Temboni

Wakuu, salaam. Naingia moja kwa moja maana nimechoka.

Nina Vitz ya 2002, ile injini ndogo ya 1SZ, cc 1000. Kila siku natoka nayo Kimara Temboni kwenda Posta. Asubuhi inashika stata ya kwanza, haina neno. Shida ni jioni. Nikivuka Ubungo nikaanza kupandisha Kibo, Baruti, foleni imekaa, kwanza inakosa nguvu. Nakanyaga mafuta haipandi, inajikuta inakohoa mara mbili, halafu inazima kimya kama mtu kazima redio. Stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Nikikaa dakika kumi na tano, ishirini, inawaka kama hakuna kilichotokea.

Mwezi wa pili nilibadilisha pampu. Fundi alininunulia ya mtumba kwenye maduka ya spea ya Gerezani, elfu 70, ufundi elfu 20. Ikatulia. Sasa imerudia yale yale. Fundi yule yule kasema pampu imekufa tena, nitafute nyingine. Nikamuuliza umejuaje? Akasema "nimesikia mlio wake".

Pampu inaweza kufa ndani ya miezi saba? Ninunue mtumba tena, mpya ya China, au nijitutumue kwa orijino? Na je, ni pampu kweli?

Jana imenizimia Korogwe ya Kimara saa kumi na mbili jioni. Konda wa daladala alinitukana mpaka abiria wake wakamwombea msamaha.

#2 Kiti_cha_Mbele

Nakaa hapa. Nina Passo, dalili zinafanana.

#3 Spana_Kumi

Pole mkuu. Kabla hatujaenda mbali: huwa unatia mafuta ya shilingi ngapi, na unatia mshale ukiwa wapi?

#4 Mkazi_wa_Temboni

Elfu kumi. Taa ikiwaka natia. Wakati mwingine elfu kumi na tano mshahara ukiwa umeingia.

#5 Bata_wa_Mabibo

Kesi imefungwa, hakimu nyanyuka twende tukale.

#6 Spana_Kumi

Mabibo tulia kwanza, kuna watu wanataka kujifunza.

Mkuu, pampu ya Vitz imekaa ndani ya tangi, chini ya siti ya nyuma. Ukinyanyua siti unaona mfuniko wa bati, chini yake ndiyo kichwa cha pampu. Ni mota ya umeme, inazunguka muda wote injini ikiwa inawaka, hata ukiwa umesimama foleni huendi popote. Imezamishwa kwenye petroli kwa makusudi, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Tangi lako ni la lita 45 hivi. Wewe unaishi kwenye lita tano za mwisho mwaka mzima. Sasa jua la Dar, lami inatoa moto chini, foleni ya masaa mawili, mafuta yaliyobaki tangini yenyewe yamepata joto, mota iko nusu uchi. Brashi za kaboni zinalika, mota inakaza, presha inashuka. Ikipoa inarudi. Hiyo ndiyo dalili yako yote.

Namna ya kupima kienyeji: siku ikizima, mwambie mtu apige stata huku wewe unagonga chini ya tangi kwa ngumi au kwa kandambili. Ikishika, brashi zimekwisha. Huo ni msaada wa kukufikisha nyumbani tu, usije ukaufanya ndiyo utaratibu.

Na mtumba wa Gerezani ni bahati nasibu. Ile pampu imetoka kwenye gari la miaka ishirini huko Japani, imekauka rafuni. Inawezekana ilikuja na miezi saba yake.

#7 Mshale_Katikati

Spana Kumi yuko sahihi kwenye kupoza, lakini niwahi kabla mtu hajaleta ile hadithi ya "ukitembelea taa, pampu inanyonya uchafu wa chini". Pampu inanyonya kutoka chini siku zote, tangi liwe limejaa au limebaki kikombe. Kile kisoksi cha kuchujia kimelala sakafuni mwa tangi. Uchafu ukiwepo utanyonywa tu. Tatizo la kutembelea mshale ni joto, na kwenye mlima au kona mafuta yanahamia upande mmoja, pampu inavuta hewa. Na huyu anazimia mlimani!

#8 Kiti_cha_Mbele

Dah, hiyo ya uchafu mimi nimeiamini miaka kumi.

#9 Babu_wa_Datsun

Vijana mnateseka na vitu vya kujitakia. Nilikuwa na Datsun 120Y, pampu iko nje, imefungwa ubavuni mwa injini, inasukumwa na kemu. Ndani ni kiwambo cha mpira tu. Ikikorofisha unafungua skrubu kwa bisibisi pembeni ya barabara, unabadilisha mpira, unaendelea. Ikipata joto njia ya Chalinze, mafuta yakawa mvuke kwenye paipu, unalowesha kitambaa, unaivika pampu, unakula hindi la kuchoma, unaondoka. Nani aliwadanganya mkatumbukize mota ya umeme ndani ya petroli?

#10 Bata_wa_Mabibo

Babu, na hilo hindi la kuchoma liko kwenye kitabu cha matengenezo?

#11 Babu_wa_Datsun

Ukurasa wa kwanza.

#12 Mama_Kauthar_IST

Jamani msikimbilie pampu. Mimi mwanamke nimepigwa na mafundi hadi nimekuwa fundi mwenyewe.

IST yangu (NCP60) ilifanya hivi hivi mwaka jana. Fundi wa kwanza, pampu. Nikatoa laki moja na nusu. Wiki mbili, imezima Buguruni mbele ya trafiki. Fundi wa pili, koili za cheche, nikabadilisha mbili. Imezima tena Tazara, safari hii na mtoto ana homa siti ya nyuma. Wa tatu alikuwa kijana mdogo wa Tabata, kaja na mita yake ya umeme tu mkononi, hana mbwembwe. Kanyanyua siti, kachomoa soketi ya pampu, kanionesha. Pini moja ilikuwa ya kijani, na plastiki imepindika kama mshumaa. Akaniambia "mama, pampu yako nzima, inakula njaa". Umeme haufiki. Alikata ile soketi, akaunga nyingine, akafuata waya wa ethi, ule hasi, mpaka bolti yake kwenye bodi, akaifungua, akaisugua kwa msasa, akaifunga. Elfu 25. Mwaka wa pili huu unaingia.

Pampu ya zamani, ile iliyonigharimu laki na nusu kuibadilisha, ninayo kabatini mpaka leo. Nzima kabisa. Wanangu wanaiita kaka yao.

#13 Fundi_Umeme_Tegeta

Dada Mama Kauthar kasema la maana kuliko wote. Kumwambia mteja "pampu imekufa" bila kupima volti na presha ni kupiga ramli.

Mkuu wa Temboni, kuna vitu viwili tu vya kupima. Umeme unaofika kwenye soketi ya pampu wakati pampu inafanya kazi, na presha ya mafuta kwenye paipu inayoenda kwenye nozeli. Kwa familia ya injini za NZ, yaani IST na Vitz za 1300, presha inatakiwa icheze kati ya psi 44 na 50. Yako ya SZ mwambie fundi atafute kipimo chake, lakini haitakuwa mbali sana. Ukiwa na volti nzuri na presha mbovu, ndiyo unaanza kuisema pampu. Volti ikiwa mbovu, anza na fyuzi ya EFI (mfumo wa mafuta), rile (swichi ya umeme ya pampu), soketi, ethi.

Na vipimo vyote vifanyike gari ikiwa imezima kwa kero yake, sio asubuhi ikiwa imepoa. Asubuhi kila kitu kitakuonesha kizima.

#14 Kijiko_cha_Sukari

Mbona rahisi? Weka swichi bila kupiga stata, tega sikio siti ya nyuma. Ukisikia ziiii ya sekunde mbili pampu nzima. Usiposikia imekufa. Hakuna haja ya mita.

#15 Fundi_Umeme_Tegeta

Mkuu Kijiko, hicho ndicho kinachoua pampu nzima za watu. Toyota nyingi za umri huo hazilizi pampu ukiweka swichi. Kompyuta inasubiri ione injini inazunguka ndipo inaruhusu rile. Kwa hiyo ukimya hauna maana yoyote. Kwenye Starlet za zamani kuna kiboksi cha plastiki karibu na injini kimeandikwa Diagnosis. Unaunganisha tundu la FP na la +B kwa kiwaya, unaweka swichi, pampu inalia bila stata. Ila usikosee tundu.

#16 Kijiko_cha_Sukari

Yangu inalia ziiii kila siku, na ni Toyota.

#17 Fundi_Umeme_Tegeta

Ya mwaka gani?

#18 Kijiko_cha_Sukari

2012.

#19 Fundi_Umeme_Tegeta

Haya.

#20 Kona_ya_Mwenge

Na wale wanaobana paipu ya kurudisha mafuta kwa koleo ili waone presha inapanda, Starlet sawa, ina paipu ya kurudi na regyuleta (kidhibiti presha) iko huku mbele kwenye injini. Vitz hamna paipu ya kurudi. Regyuleta na filta vyote viko humo humo tangini pamoja na pampu. Niliwahi kumkuta fundi anaitafuta chini ya gari nusu saa. Nilimwacha.

#21 Daktari_wa_Stata

Wote mmepotea. Gari likipata joto linazima, likipoa linawaka, stata inazunguka: sensa ya krenki shafti. Koili yake ya ndani inakatika ikipata moto, ikipoa inaungana. Kompyuta isipoiona injini ikizunguka, haitoi cheche, haifungui nozeli, na hata pampu haiizungushi. Kwa hiyo fundi akitega sikio hasikii pampu, anasema pampu imekufa. Nimetengeneza zaidi ya tano za namna hii.

Kipimo: ikizima, chomoa koili moja, weka plagi nje iguse chuma mbali na mafuta, piga stata. Hakuna cheche? Achana na pampu.

#22 Spana_Kumi

Daktari, soma #1 tena. Kasema inakosa nguvu kwanza, inakohoa, ndipo inazima. Sensa ya krenki ikikatika gari linazima papo hapo kama kisu. Kukosa nguvu kwanza ni njaa ya mafuta.

#23 Daktari_wa_Stata

Sensa inaweza kukatika katika, ikaungana ikakatika, ndiyo hiyo kukohoa. Akachomeke mashine asome kodi za hitilafu. P0335, ya sensa ya krenki, ikitoka mtaniomba radhi. P0171, ya mafuta pungufu, ikitoka nitawanunulia soda.

#24 Kona_ya_Mwenge

Vile vimashine vya bei chee vya bluetooth mara nyingi havisalimiani na Vitz za soko la Japani za miaka hiyo. Soketi inaingia vizuri, maongezi hakuna. Aende kwa mwenye mashine ya maana.

#25 Mtu_wa_Pwani

Mimi nawaambia ni mafuta. Mafuta yamechakachuliwa, pampu zinakufa kama kuku. Wanachanganya na mafuta ya taa.

#26 Mshale_Katikati

Mkuu, hiyo ilikuwa hali mbaya sana zamani. EWURA, wasimamizi wa nishati, walianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) mwaka 2010, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa kuikaribia dizeli ili ile faida ya kuchanganya ipotee. Na kipindi kile aliyekuwa anachanganywa zaidi ni dizeli. Sisemi sasa hivi wote ni malaika. Ila mafuta mabaya yangemsumbua hata asubuhi, sio jioni tu mlima wa Baruti.

#27 Mtu_wa_Pwani

Na maji je? Mvua za masika, matangi ya chini yanaingia maji. Mimi sijazi kituo ambacho nimekuta lori linashusha mafuta, uchafu wote umetibuka. Nakwenda kingine.

#28 Spana_Kumi

Kwenye lori linaloshusha, mimi pia huwa napita. Sina ushahidi, roho tu haikubali.

#29 Mzaramo_Halisi

Siku ikizima, kabla hujafanya lolote, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia fyoooo, hewa inaingia ndani kwa nguvu, basi tangi limeziba kipumulio. Pampu inavuta mafuta, hewa haiingii kuchukua nafasi, mwisho inashindwa. Ukikaa dakika ishirini hewa inaingia polepole, gari inawaka. Shemeji yangu wa Mbagala alibadilisha pampu mbili, ugonjwa ulikuwa mfuniko wa elfu nane alionunua barabarani baada ya ule wake kuibiwa.

#30 Bata_wa_Mabibo

Mpaka sasa: pampu, soketi, ethi, rile, sensa, mafuta, maji, mfuniko. Bado kurogwa.

#31 Hesabu_ya_Bosi

Naulizia kitu hamjakigusa. Mleta uzi, hilo gari umelinunua kwa nani? Liliwahi kuwa teksi ya mtandaoni?

Nauliza kwa sababu mimi nimeendesha ya mkataba miaka mitatu. Mabosi wanafunga kifuatiliaji chenye rile ya kukata umeme wa pampu. Ukichelewesha hesabu, yaani pesa ya bosi, bosi yuko kitandani anabonyeza simu, gari linazima hapo hapo ulipo. Mimi nilizimiwa Kawe na abiria ndani anakwenda uwanja wa ndege. Wafungaji wanakata waya wa pampu, wanasokota kwa mkono, wanazungusha tepu, basi. Kirile chenyewe kidogo kama kiberiti. Gari likiuzwa kifaa kinabaki humo.

#32 Bata_wa_Mabibo

Kumbe hajarogwa, anadaiwa.

#33 Mkazi_wa_Temboni

Wakuu nimesoma yote, asanteni. Hesabu ya Bosi umenishtua. Nililinunua kwa dalali Kinondoni, mwenye gari sikumwona. Nimetoka sasa hivi na tochi. Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna fungu la waya lenye tepu nyeusi, na kiboksi kidogo kina kitaa kinapepesa chekundu. Nimekaa nacho mwaka na nusu nikijua ni alamu!

Usiku huu sigusi. Kesho natafuta fundi umeme mwenye mita.

#34 Hesabu_ya_Bosi

Usikate mwenyewe. Mwambie arudishe waya wa pampu kama ulivyotoka kiwandani na aulehemu, asisokote.

#35 Duka_Dogo_Gerezani

Nipo kwenye biashara hii, sitataja duka ili msiseme natangaza. Wanaonunua pampu wakija huwa hawaulizi maswali, wanauliza bei tu.

Kuna pampu kamili na kikapu chake, ina geji, regyuleta, filta, kila kitu. Na kuna mota tupu, ile ya mviringo kama betri kubwa la tochi. Wengi wanauziwa mota tupu, fundi anaipachika kwenye kikapu cha zamani. Si vibaya, ila tazameni mambo haya. Kisoksi cha chini kibadilishwe, kinakuja na mota kwenye pakiti na bado mafundi wanarudisha cha zamani, cheusi, kimeziba. Ile hozi fupi ndani ya tangi iwe ya kuzama kwenye petroli. Ukiweka hozi ya kawaida ya mafuta, nje yake haijatengenezwa kulowa, inavimba, inalainika, inapasuka. Ikipasuka, pampu inasukuma mafuta yanarudi tangini humo humo. Gari lina pampu mpya na presha hakuna! Utabadilisha pampu tatu. Na ile oringi kubwa ya juu isirudishwe ikiwa imevutika.

Mtumba mzuri upo. Ila dai uiguse kwenye betri pale dukani, sekunde moja tu, isikaushwe kwa kuzungushwa bila mafuta. Ikikwaruza kama mchanga, rudisha.

#36 Kiti_cha_Mbele

Bei mkuu, Passo ya K3?

#37 Duka_Dogo_Gerezani

Njoo inbox.

#38 Bata_wa_Mabibo

Hakutangaza jamani, shahidi mimi.

#39 Nyusi_Mpya

Kwa mnaotaka kufanya wenyewe nyumbani: mimi jina langu mnaliona. Nilifanyia kwenye banda, mlango nimefunga jua lisinichome, fundi wangu kaleta taa ya kupimia yenye waya mrefu. Mvuke wa petroli ni mzito, unatambaa chini, haupandi juu ukaondoka. Waya umegusa, cheche, moto ukapita puuu ukatoweka. Nyusi, kope, na nywele za mbele. Tumshukuru Mungu tangi lilikuwa limefunikwa na tambara lililolowa.

Fanyieni nje kwenye upepo. Chomoeni fyuzi ya pampu injini ikiwa inawaka, iache izime yenyewe ili presha kwenye paipu iishe, kisha toeni waya hasi wa betri. Tangi liwe na mafuta kidogo siku hiyo. Na kunyonya mafuta kwa mdomo na mpira acheni kabisa, ikiingia kwenye mapafu si mchezo.

#40 Mama_Kauthar_IST

Pole sana kaka. Nyusi zilirudi?

#41 Nyusi_Mpya

Moja ilirudi haraka kuliko nyingine.

#42 Kona_ya_Mwenge

Nyongeza: mkiitoa pampu angalieni mkono wa boya la geji. Wangu ulipindishwa wakati wa kurudisha, tangi likiwa nusu mshale unasoma E, nikijaza unasoma nusu. Nimeishi hivyo miaka miwili, najua mafuta kwa hesabu ya kilomita.

#43 Mtu_wa_Pwani

Toyota wenyewe walikiri pampu zao mbovu, wakaita magari mamilioni. Kwa hiyo tatizo ni la kiwandani.

#44 Mshale_Katikati

Ule wito ulikuwa 2020, zaidi ya magari milioni 3 duniani, na ulihusu kigurudumu cha plastiki kinachosukuma mafuta ndani ya pampu za magari ya miaka ya karibuni, kinavimba kwa petroli na kukwama. Vitz ya 2002 haihusiki. Tena pampu ya mleta uzi haijulikani hata imetoka gari gani.

#45 Babu_wa_Datsun

Kiwambo cha mpira hakivimbi.

#46 Kona_ya_Mwenge

Kinapasuka babu, kinamwaga petroli kwenye oili. Baba alikuwa na Peugeot 504, nakumbuka.

#47 Babu_wa_Datsun

Hiyo ni Peugeot.

#48 Mkazi_wa_Temboni

MREJESHO. Samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Nilipata fundi umeme Mbezi. Tulisubiri mpaka izime, tukaizungusha kwa makusudi Temboni hadi Stop Over na kurudi saa nane mchana, kiyoyozi kimewashwa. Ikazima. Akapima kwenye soketi ya pampu huku napiga stata: volti 8.9. Kwenye betri wakati huo huo: 10.8. Kile kirile cha kifuatiliaji kilikuwa cha moto, huwezi kukishika. Akakitoa, akaunganisha waya wa pampu upya, akasugua ethi. Volti kwenye pampu zikapanda, zikawa pungufu ya betri kwa kidogo tu. Nikatia mafuta nusu tangi kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Siku kumi safi. Jana Kibo imekohoa. Haikuzima, imekohoa tu mara mbili ikaendelea.

#49 Fundi_Umeme_Tegeta

Karibu volti mbili zilikuwa zinapotea njiani. Ulikuwa wayaringi. Kukohoa kwa jana ni plagi, angalia plagi.

#50 Spana_Kumi

Subiri. Rile kuwa ya moto inaonesha umeme mwingi unapita. Pampu ikichoka, mota inakaza, inavuta ampia nyingi, waya mbovu unapata moto, volti zinaanguka. Umetibu waya, mgonjwa bado yumo tangini. Presha alipima?

#51 Mkazi_wa_Temboni

Hakuwa na geji ya presha. Kasema nimtafute mwenye nayo.

#52 Fundi_Umeme_Tegeta

Rile ndogo ya kichina yenye mguso mbovu inapata moto hata kwa pampu nzima. Apime ampia kabla ya kuitukana pampu.

#53 Mama_Kauthar_IST

Au pampu imelishwa njaa ya umeme miezi saba mpaka imechoka. Vyote viwili kweli.

#54 Daktari_wa_Stata

Sensa ya krenki mmeisahau.

#55 Mzaramo_Halisi

Na mfuniko.

#56 Duka_Dogo_Gerezani

Miezi saba na hozi ya kawaida ndani ya tangi, mimi ningefungua niangalie hozi. Aliyefunga mwezi wa pili aliweka ipi?

#57 Mkazi_wa_Temboni

Nimempigia. Kasema "hozi ya mafuta, ile nyeusi".

#58 Duka_Dogo_Gerezani

Zote nyeusi.

#59 Mkazi_wa_Temboni

Wakuu, saa kumi na moja na nusu hii, nipo Baruti, imezima tena. Mafuta nusu tangi. Nimefungua mfuniko, hakuna fyoooo. Nimegonga tangi, hakuna kitu. Kitaa cha cheki injini hakijawaka. Kuna mwenye geji ya presha maeneo haya?

#60 Fundi_Umeme_Tegeta

Angalia cheche kwanza!

#61 Kona_ya_Mwenge

Geji ninayo kwenye buti. Natokea Ubungo, foleni haisogei, nipe nusu saa. Usipige stata tena utamaliza betri. Upande upi wa barabara?

#62 Mkazi_wa_Temboni

Wa kwenda Mbezi, mbele kidogo ya kituo. Nimeweka pembetatu na tawi la mwembe. Konda yule yule kapita, kanitambua.